"Wenziwe" Waharibuo Watoto Wetu ni Nani?

  

Katika kila mtaa wa miji yetu hii ya pwani, tangu Lamu hadi Vanga, hukosi kumuona mzazi ameshika tama, akijiuliza ni nani aliyemharibu mwanawe. Ukimrudishia suala hilo yeye mwenyewe, hukujibu pasi na kufikiri: "Wenziwe." Mama wa Majengo asema ni watoto wa Kisauni, na mama wa Kisauni asema ni watoto wa Majengo. Wa Mji wa Kale awatuhumu walioguria juzi, na walioguria juzi wasema wanao walikuwa watu wema hata walipoingia mji huu. Walakini hatujapata kumsikia mzazi hata mmoja akisema kuwa mwanawe ndiye aliyewaharibu wa wenzake. Basi hawa "wenziwe" wametoka wapi? Hawakushuka na mvua wala hawakuletwa na jahazi. Ndio hawa hawa wanetu. Kila mtoto ni "mwenziwe" wa mtoto mwengine, na huyo unayemlaani wewe leo alasiri, usiku mamake naye yuamlaani wako.

Hata hivyo hatusemi kuwa jawabu la wazazi ni la uwongo. Ni la kweli, ila ni nusu. Nasi twataka kuitazama nusu hiyo kwa makini, kwani wengi huisema wakaondoka, kana kwamba wakishasema "wenziwe" hapana tena la kufanya.

Mambo yenyewe mwayajua. Kuna muguka, unaouzwa kwa bei ambayo mtoto aweza kuitoa katika pesa zake za chakula cha shule. Kuna vidonge viitwavyo bugizi, ambavyo asili yake ni dawa ya wagonjwa. Kuna bange, kisha unga. Kuna kamari za katika simu, zimezazo shilingi ya mtoto hali yeye yuaona anacheza mchezo. Kuna kudandia magari, na kupanda pikipiki watu watatu wanne kwa mashindano. Na kuna lile lililotufedhehesha mbele ya watu wote, watoto wenye umri wa kukaa darasani kutoka na mapanga makundi makundi, Kisauni na Likoni na kwengineko, wakiwakata wapita njia kwa ajili ya simu.

Ukiwauliza hao waliotumbukia namna walivyoanza, utaona kuwa ni wachache mno waliofuatwa na mtu baki. Mtu baki mtoto humuogopa. Tumemfundisha amuogope, naye ameshika mafunzo. Aliyempa mara ya kwanza ni binamu yake, au aliyekaa naye dawati moja, au aliyesoma naye chuoni juzuu moja. Tena humpa bure. Wala hamwambii, "Njoo nikuharibu." Humwambia maneno mepesi sana: Kwani wewe mtoto wa mama? Huna moyo? Sisi sote tumeonja, wewe wajiona nani? Na wengine waliokaa pale kitakoni hucheka. Kicheko hicho, ndugu zetu, kina nguvu kuliko fimbo ya baba na kuliko hotuba zetu za Ijumaa. Mtoto wa miaka 12 aweza kuvumilia kupigwa, lakini kuchekwa na wenziwe hawezi.

Mtu asidhani kuwa ugonjwa huu ni mpya. Mwenyezi Mungu ametupa khabari katika Suratul-Furqan, ya mtu dhalimu atakayejiuma mikono yake miwili Siku ya Kiyama, akitamani lau angeshika njia pamoja na Mtume, na lau asingemfanya fulani kuwa ni rafiki yake. Wafasiri wengi wamepokea kuwa sababu ya kuteremka aya hizo ni Uqba bin Abi Muayt na sahibu yake Ubayy bin Khalaf. Uqba alialika watu chakula, na Mtume (S.A.W.) akawa miongoni mwa walioalikwa, lakini akakataa kula mpaka mwenye nyumba atamke shahada. Uqba akaona haya mgeni kutoka nyumbani kwake hali hakula, akatamka. Khabari ikamfikia Ubayy, naye hakuwapo. Akaja amekasirika, akamwambia kuwa hatatazamana naye uso kwa uso mpaka aende akamkanushe Muhammad na kumtemea mate. Uqba akafanya. Kisha Uqba akauawa baada ya Badri, mwaka wa 2 wa Hijra, na Ubayy akapata jeraha lake Uhud, mwaka wa 3, likamuua.

Wengi huisoma khabari hii wakatazama ubaya wa Ubayy tu. Sisi twataka mumtazame Uqba. Mtu huyu alitamka shahada kwa kuona haya, na akaikanusha kwa kuona haya. Mara zote mbili hakutazama lililo haki na lililo batili, alitazama nyuso za watu. Na mtoto anayetia muguka shavuni mara ya kwanza hakuutia kwa utamu wake, kwani una utamu gani? Ni mchungu. Ameutia kwa kuwa nyuso nne tano zamtazama.

Tena msiseme kuwa ni utoto. Abu Talib, mzee wa Makureshi, aliyemlinda Mtume kwa miaka yote ile, alipokuwa katika sakarati za mauti Mtume alimsihi atamke neno moja apate kumtetea kwalo mbele ya Mola. Na pale kitandani walikuwapo Abu Jahl na Abdullahi bin Abi Umayya, wakimkumbusha mila ya Abdul-Muttalib, wakimuuliza je, ataiacha? Khabari hii imo katika Bukhari na Muslim. Mzee yule akafa juu ya mila ya wazee wake. Ikiwa marafiki wawili wameweza kumfanya hivyo mtu mzima aliye mlangoni mwa kaburi, mwataka mtoto asiyeota ndevu awashinde watano peke yake?

Na wataalamu wa zama zetu wamelipima jambo hili kwa mizani yao. Mwaka wa 2005 walitoa matokeo ya jaribio lililofanywa katika Chuo Kikuu cha Temple, mjini Philadelphia, Marekani. Walichukua watu 306, wa umri mbali mbali, wakawachezesha mchezo wa gari katika kompyuta, ambao mchezaji akizidi kwenda baada ya taa kugeuka rangi hupata faida zaidi, lakini aweza kugonga akapoteza yote. Wengine walicheza peke yao, na wengine wakitazamwa na wenzao. Watu wazima, wa miaka 24 na kuzidi, hawakubadilika. Kutazamwa na kutotazamwa kulikuwa mamoja kwao. Vijana wa vyuo vikuu walizidi kujitia khatarini kwa kadiri ya nusu. Na watoto wa miaka 13 hadi 16, walipotazamwa na wenzao, walijitia khatarini mara mbili ya vile walivyofanya walipokuwa peke yao. Hawakupewa cho chote cha kunywa wala hawakupigwa. Walitazamwa tu.

Faida tunayoitaka katika khabari hii ni moja. Baba huja akatuapia Wallahi kuwa mwanawe ni mpole, hasemi ila kwa adabu, na haya aliyoambiwa na majirani ni uzushi. Twamsadiki kuwa nyumbani ni mpole. Na majirani pia twawasadiki. Mtoto ni yule yule, walakini akili aliyo nayo mezani pako sio akili aliyo nayo barazani mwa wenziwe, na wewe unajua moja tu katika hizo mbili. Basi usitosheke kumuuliza mwanao ni mtu gani. Muulize yuko na nani, na wapi, na baina ya Magharibi na Isha alikuwa akifanya nini.

Mtume (S.A.W.) ametupigia mfano wa mwenza mwema na mwenza mwovu kwa mtu auzaye miski na mhunzi avukutaye moto: wa kwanza ukikaa naye hukosi harufu nzuri japokuwa hukununua, na wa pili hukosi moshi wake japokuwa nguo hazikuungua. Hadithi hii ni sahihi, na wazazi wetu waijua. Lakini wako walioifahamu vibaya, wakaona kuwa muradi wake ni kumfungia mtoto ndani kama kuku wa mayai. Atoke shule aende chuo, atoke chuo aende masomo ya ziada, arudi alale. Na siku ya Jumamosi na Jumapili vivyo hivyo. Mtoto huyu siku akipata upenu hurukia kwa wa kwanza amuonaye, mwema au mwovu, kwani hajafundishwa kupambanua.

Imam Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu, katika Ihya, amesema kuwa asili ya malezi yote ni kumhifadhi mtoto na wenza wabaya. Lakini mtu huyo huyo, katika mlango huo huo, ameagiza kuwa mtoto akitoka chuoni apewe ruhusa ya kucheza mchezo mzuri wa kumpumzisha, kwani kumnyima mchezo na kumchosha kwa masomo daima huua moyo wake na kuzima akili yake, hata akatafuta hila za kukimbia. Miaka zaidi ya 900 imepita tangu afariki, na sisi bado twaona mpira ni upuuzi! Mtaa hujenga msikiti wa pili hatua mia kutoka wa kwanza, na watoto wake hawana pahali pa kucheza ila njia ya magari. Hatusemi misikiti isijengwe. Twauliza kwamba hao watoto, wakishatolewa msikitini kwa kupiga makelele, na wakishafukuzwa barazani kwa kuwasumbua wazee, waende wapi? Kuna mtu mmoja tu katika mtaa asiyewafukuza, nanyi mwamjua auzacho.

Sasa twaingia katika jambo ambalo twajua halitawapendeza wengi. Sisi watu wa pwani twajisifu kwa adabu, na ni haki yetu. Walakini tumewalea watoto wetu kutii sauti, hatukuwalea kutii haki. Mtoto hana ruhusa ya kusema "sitaki" nyumbani, hata kwa jambo alilo na haki nalo. Akiulizwa, aseme "naam". Akinyang'anywa na mkubwa wake, anyamaze. Akionewa na ami yake, astahi. Tukisha kumlea hivyo miaka 12 twamtoa nje, na huko nje akikutana na kijana wa miaka 17 mwenye sauti kuliko yake, humwambia yeye naam vile vile. Tulimfundisha sisi.

Tazameni Mtume alivyofanya. Imepokewa katika Bukhari na Muslim, kwa Sahl bin Saad, kuwa Mtume aliletewa kinywaji akanywa, na kuliani kwake alikuwako kijana mdogo, na kushotoni walikuwako wazee. Na ada ni kumpa wa kulia. Mtume akamtaka idhini yule kijana awape wazee kwanza. Kijana akakataa, akaapa kuwa fungu lake la kutoka kwa Mtume hatompendelea mtu nalo. Mtume akamtilia mkononi mwake. Hakumkaripia, wala hakumwita mkosa adabu mbele ya watu, wala hakupitisha chombo juu ya kichwa chake. Je, katika nyumba zetu kijana huyo angalisalimika na kofi?

Mtoto aliyepata kusema "la" kwa adabu mbele ya Mtume wa Mwenyezi Mungu, na la wake likaheshimiwa, hashindwi kulisema mbele ya wahuni. Na Abdullahi bin Masud alikuwa akiwakataza watu wasiwe imma'a, yaani mtu asiye na rai, aliye pamoja na kila kundi: wakienda kwema yuenda, na wakienda kubaya yuenda. (Wako wanaoyanasibisha maneno haya na Mtume mwenyewe, na isnadi yake hiyo ina udhaifu, lakini kwa Ibn Masud yamethubutu.) Imma'a hafanywi kitakoni, hufika kitakoni hali ameshafanywa. Basi mfundishe mwanao maneno ya kukataa, mzoeze kinywa chake kama unavyomzoeza Attahiyatu. Aseme: baba yangu aningojea. Aseme: mimi sili hicho. Aondoke, asijadiliane, kwani mwenye kujadiliana na watano hushindwa. Na mpe ruhusa, akikwama usiku mahali pabaya, akupigie simu umwendee, na siku hiyo usimpige wala usimhubirie. Yatakayosemwa yasemwe kesho.

Wala tusijisahau sisi wakubwa. Nani humtuma mtoto dukani akamnunulie sigara? Nani huketi barazani na shavu limejaa, na mjukuu yuko magotini? Baba mwenye kutazama simu yake kila dakika kujua timu aliyoiwekea pesa imefunga mangapi, naye yuamwambia mwanawe kuwa kamari ni haramu, huyo amejitaabisha bure. Twataja pia mabinti, kwani watu huandika juu ya wavulana tu kana kwamba wasichana wako katika ngome. Shinikizo lao lina sura nyengine: mwenziwe ana simu ya bei, na ana mtu mzima ampaye, na humcheka asiye naye. Mama asiyeuliza simu hii imetoka wapi, kwa kuogopa kusikia jawabu, hana la kusema baadaye.

Kuna wanaosema kuwa haya ni kazi ya serikali. Kazi yake iko. Mwezi wa Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku kuingizwa na kuuzwa muguka, na Kilifi ikafuata. Hazikupita siku nyingi Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha amri hizo, kwani kuna wakulima ambao huo ndio ugali wao, na wana wakili kama sisi tulivyo na wakili. Hatumlaumu aliyeamuru. Lakini mwenye kuyategemeza malezi ya mwanawe juu ya kesi, ajue kuwa kesi huahirishwa na mtoto hakui kwa kuahirishwa.

Limebaki jambo la yule aliyekwisha kutumbukia, na hili ndilo lililotufanya tushike kalamu. Alitujia mzazi mmoja, mtu wa heshima, akitaka tumuandikie maneno ya kumtoa mwanawe katika radhi, na tumjulishe kama sheria yamruhusu kumfukuza asirudi tena mlangoni kwake. Mtoto ana miaka 16. Alianza na vidonge, sasa yuko katika unga, ameuza vyombo vya mamake. Kabla ya kuja kwetu alikuwa ameshampeleka kwa waganga, mmoja akasema ni jini la bahari, na mwengine akasema ni husuda ya shangazi, akamfungia hirizi, na kila mmoja akachukua mbuzi na pesa. Shangazi amegombwa bure, jamaa wamekatana, na mtoto yu vile vile.

Tulimjibu hivi, nasi twawajibu wote wenye shida kama yake. Ama hirizi, jini haliuzi vyombo vya jikoni. Mwili ukishauzoea unga huudai kama mwenye njaa adaivyo chakula, na akiukosa huumwa na viungo, hutapika, hukosa usingizi; huo ni ugonjwa na una matabibu wake. Dawa iitwayo methadone ilianza kutolewa katika nchi hii Desemba 2014, katika hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha 2015 ikaletwa Malindi na Mombasa. Hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, hupunguza yale maumivu na ile tamaa, hata mtu akaweza kusimama, akasali, akafanya kazi. Mtoto wa miaka 16 tabibu ndiye ataamua limfaalo, methadone au jengine, lakini apelekwe kwanza. Wako waliotuuliza kama hiyo nayo si ulevi mwengine. Jawabu letu ni kuwa itolewayo kwa kipimo, kwa amri ya tabibu mwaminifu, kwa kuondoa madhara makubwa zaidi, hukumu yake ni hukumu ya dawa. Na anayemzuilia mgonjwa dawa kwa kuogopa maneno ya watu amekuwa yeye ndiye Uqba.

Ama radhi na kufukuza: imepokewa katika Bukhari kuwa aliletwa kwa Mtume mtu aliyelewa, akaadhibiwa. Alipoondoka mmoja wa waliokuwapo akamuapiza Mwenyezi Mungu amhizi. Mtume akawakataza wasimsaidie shetani juu ya ndugu yao. Huyo ni mtu mzima, aliyeadhibiwa kwa haki, naye ni ndugu tu. Itakuwaje mtoto, naye ni wako? Ukimfunga mlango, hatolala hewani. Atalala kwa wale wale "wenziwe" unaowalaani, nao watampokea usiku huo huo, bila ya kumuuliza lolote.

Fungia kabati, fungia vyombo, pesa usimpe mkononi. Hayo ni haki yako, na ni katika kumsaidia. Mlango wa nyumba uwache. Mzazi yule aliondoka kwetu hakuridhika sana. Wiki ya pili yake alirudi kutuuliza kama kliniki hufunguliwa siku ya Jumamosi.